Kupunguza gharama za chakula Dar es Salaam: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Bei zilizomo humu ni za mfano tu, zimewekwa ili hesabu ionekane. Weka bei za sokoni kwako, hesabu ni ileile. Maswali yana namba ili tusirudie jibu moja mara mbili.

## Kuanza

1. Nianzie wapi? Pesa ya chakula inaisha na sioni imekwenda wapi.

Andika kila unachotumia kwa chakula kwa siku 14, hata andazi la shilingi mia mbili. Gawa mafungu manne: nafaka na unga, mboga na kitoweo, vinywaji na vitafunwa, nishati na nauli. Usibadilishe chochote katika siku hizo. Ukianza kujibana siku ya kwanza, daftari litakuonyesha mtu mwingine.

Wengi hudhani tatizo ni nyama au mchele. Ukijumlisha, mara nyingi yanajitokeza mafungu mawili ya mwisho: soda, maji ya chupa, sambusa za njiani, mkaa wa kopo na bodaboda ya kufuata vitunguu. Mengine yanatokana na kununua kwa vipimo vidogo (swali la 3).

2. Familia ya watu watano inahitaji chakula kiasi gani kwa mwezi?

Kwa wakubwa wawili na watoto watatu wanaokula wali mchana na ugali usiku, makadirio ya kuanzia ni haya: unga kilo 25, mchele kilo 20, maharage kilo 6 hadi 8, mafuta lita 4 hadi 5, sukari kilo 4, ngano kilo 4, vitunguu kilo 5 na chumvi pakiti moja ya nusu kilo.

Kwa mlo mmoja ni unga gramu 800 hadi kilo moja, mchele gramu 700 hadi 800, au maharage makavu nusu kilo. Pima kwa wiki moja kwa kikombe kilekile halafu rekebisha. Nyumba yenye vijana wawili wa kiume haifanani na nyumba yenye watoto wa chekechea. Ugali ukibaki kila usiku, tatizo si bei ya unga, ni kikombe.

3. Napata pesa ya siku kwa siku. Nitanunuaje kwa jumla?

Usijaribu kununua vyote kwa jumla, chagua kimoja. Anza na mafuta ya kula, kwa sababu hapo ndipo tofauti ya kipimo kidogo na lita nzima huwa kubwa. Kama kipimo cha shilingi 500 kina mililita 60, unalipa zaidi ya Sh 8,300 kwa lita, wakati lita nzima inauzwa Sh 6,000. Chukua bomba la sindano la duka la dawa upime kipimo cha dukani kwako, maana vinatofautiana.

Weka kando Sh 500 kila siku kwenye kopo hadi ipatikane bei ya lita moja. Kuanzia hapo hununui tena mafuta ya kupima. Ile pesa uliyokuwa ukitoa kila siku inabaki mkononi: sehemu irudi kwenye kopo kwa ajili ya lita ijayo, sehemu ianze kununua sukari kilo nzima. Ikikamilika sukari, hamia kwenye unga. Huchukua miezi miwili mitatu hivi. Kinachoharibu mpango ni kuhamisha pesa ya kopo moja kwenda haja nyingine, kwa hiyo kopo liwe la kitu kimoja tu, na liandikwe.

## Vipimo na masoko

4. Sado moja ni kilo ngapi? Na debe?

Sado ni kipimo cha ujazo, si cha uzito. Asili yake ni kopo la rangi la lita 4. Likijazwa hadi ukingoni bila kilemba, mchele hutoa takriban kilo 3.2 hadi 3.4, maharage kilo 3.1 hivi, mahindi kilo 3, na unga kilo 2.2 hadi 2.4. Unga ndio wa kujihadhari nao. Ukimiminwa taratibu unakaa na hewa ndani yake, ukitikiswa unashuka.

Debe ni lita 20. La mahindi lisilo na kilemba hutoa kilo 15, lenye kilemba hufika 17 hadi 18. Ndiyo maana gunia la kilo 100 huitwa debe sita. Ukiuziwa kwa debe, uliza kabla ya kupatana bei: ni la kufuta au la kilemba?

Hila ziko wazi ukizijua. Kitako cha kopo hubonyezwa ndani, ukingo hukatwa na kukunjwa upya, au chini huwekwa karatasi ngumu. Shika kopo tupu, lipindue, weka vidole ndani na nje ya kitako. Ukiona muuzaji hataki ulishike, nenda kwenye meza nyingine. Njia safi kuliko zote ni kugeuza bei ya sado kuwa bei ya kilo: sado ya maharage ya Sh 9,000 ikiwa ni kilo 3, unalipa Sh 3,000 kwa kilo. Kama duka la jirani linauza kilo kwa Sh 2,900 kwa mizani, sado haikuwa rahisi hata kidogo.

5. Nitajuaje mizani ya dukani inasema kweli?

Tazama mambo mawili kabla bidhaa haijawekwa: mshale uwe kwenye sifuri, na stika ya uhakiki ya Wakala wa Vipimo iwe ya mwaka huu. Halafu beba chupa ya maji ya lita moja ambayo haijafunguliwa. Maji lita moja ni kilo moja, na chupa huongeza gramu chache tu. Ikisoma kilo moja na robo, umeshajua. Mizani ndogo ya kuning'iniza ya mkononi nayo hurudisha gharama yake mapema kwa anayenunua gunia au samaki.

Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita mdomo na kushonewa kilemba, imekatazwa kisheria. Mnunuzi wa mjini asidhani ni zawadi: bei ya gunia la namna hiyo imeshahesabiwa hicho kilemba.

6. Fungu au kilo?

Kwa mchicha, matembele na bamia, fungu halina shida. Kwa nyanya, vitunguu, viazi na ndimu, omba kilo. Fungu hupangwa kubwa juu, ndogo na zilizopasuka chini, na bei inapopanda fungu hubaki la Sh 1,000 lakini idadi inashuka bila mtu kusema.

7. Kwenda soko kubwa kunalipa, au nauli inakula faida?

Gawa gharama ya safari kwa tofauti ya bei ya kilo. Kama mchele Tandale ni pungufu kwa Sh 300 kuliko kwa mangi (mwenye duka) wa mtaani, na daladala kwenda na kurudi ni Sh 1,400, inabidi ununue zaidi ya kilo 4.7 ndipo uanze kupata. Ukirudi na bodaboda ya Sh 5,000, inakuwa karibu kilo 17 kwa bodaboda peke yake. Safari ya kufuata nyanya kilo mbili ni hasara hata zikiwa nusu bei.

Kila soko lina kitu chake: Tandale kwa nafaka, Mabibo kwa ndizi na matunda, Ilala kwa viazi, vitunguu na nyanya za jumla, Temeke Stereo kwa matunda na mboga, Feri kwa samaki (swali la 14). Kariakoo ina vyote ila ina gharama zake za kuli na foleni. Asubuhi mapema kuna bei ya jumla na mzigo mzuri, jioni kuna bei ya kumaliza mzigo. Saa sita mchana huna moja wala jingine.

## Unga, mchele na akiba ya ndani

8. Nikinunua mahindi na kusaga mwenyewe, nitaokoa?

Kwa dona, karibu kila mara ndiyo. Kwa sembe, inategemea utauza pumba au la.

Mahindi kilo 100 yakisagwa dona hutoa kilo 97 au 98 za unga. Mahindi yakiwa Sh 1,000 kwa kilo na mashine Sh 100, dona inakugharimu chini ya Sh 1,150. Sembe inakobolewa kwanza, kwa hiyo kilo 100 huacha kama kilo 70 za unga na kilo 25 za pumba. Kwa mahindi Sh 100,000 na kukoboa na kusaga Sh 15,000, kila kilo ya sembe imesimama kwenye Sh 1,640. Ukiuza pumba kwa mfuga kuku kwa Sh 400 kilo, unarudisha Sh 10,000 na sembe inashuka hadi Sh 1,500. Ukiacha pumba mashineni, huenda unga wa dukani ulikuwa nafuu.

Dona ina kiini cha hindi, na kiini kina mafuta. Kwa joto la Dar huanza kuchacha ndani ya wiki tatu au nne. Usisage gunia zima. Saga debe moja moja.

Jaribu unyevu kabla ya kulipa: weka chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo pamoja na mahindi, tikisa dakika chache. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, mahindi ni mabichi, yatavunda, na unanunua maji kwa bei ya nafaka. Punje zenye ukungu zichambuliwe na kutupwa. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haiondoki kwa kupikwa wala kwa kusagwa, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Mahindi ya bei ya kutupa yenye harufu ya uvundo yaache palepale yalipo.

9. Mchele upi ni nafuu kwa kweli?

Usilinganishe kilo, linganisha sahani. Mchele wa zamani uliokaa miezi kadhaa hunywa maji mengi, hujaa sufuria na kuchambuka. Mchele mpya wa Mei hadi Julai hunywa maji kidogo na hushikana, kwa hiyo kilo yake hutoa sahani chache. Muuzaji mzoefu atakwambia ukimuuliza, "Huu unajaa?" Nunua robo kwanza ukapike.

Chenga ni nafuu sana na ladha yake ni ya mchele uleule uliovunjika. Inafaa uji, vitumbua na wali wa nazi wa nyumbani, haifai pilau ya wageni. Jina la Kyela au Mbeya kwenye kibao halikuhakikishii kitu, kwa sababu mchele wa kunukia huchanganywa. Sugua kiganjani, nusa, halafu tazama kama punje zina urefu mmoja.

10. Tunanunuaje gunia kwa kuchanga na majirani bila kugombana?

Ugomvi hutoka kwenye kugawana kwa sado. Gaweni kwa mizani. Gunia la kilo 100 likifika, lipimeni zima kwanza, kwa sababu mara nyingine ni 97. Kilo zilizopungua, nauli ya guta au kirikuu na kuli viingie kwenye bei kabla ya kugawa: gunia la Sh 260,000, usafiri Sh 12,000, uzito halisi kilo 98, basi kilo ni Sh 2,776. Kila mmoja alipe kabla ya safari. Anayesema "nitawapa jioni" anunue dukani. Wanne wanatosha, wakifika kumi, siku nzima inaishia kwenye simu.

11. Mchele na unga unaingia wadudu. Nifanye nini?

Fukusi wengi huja wakiwa mayai ndani ya nafaka, hawakutoka kabatini kwako. Mwenye friza aweke mchele au unga humo siku tatu hadi nne, kisha auache kwenye mfuko uliofungwa hadi ufikie joto la chumba, vinginevyo utapata unyevu. Asiye na friza aanike mchele juani, aupepete, auweke kwenye ndoo ya mfuniko unaobana. Kwa mahindi na maharage ya miezi mingi, mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa huua wadudu kwa kukosa hewa bila dawa yoyote, ila ukiifungua kila siku haina kazi.

## Mboga, samaki na nyama

12. Ni lini vitu vinashuka bei?

Mahindi hushuka Juni hadi Agosti, mzigo wa Nyanda za Juu Kusini unapoingia, na hupanda Januari hadi Machi. Mchele hushuka kuanzia Mei. Machungwa ya Muheza yanajaa katikati ya mwaka, maembe Novemba hadi Januari. Nyanya hupanda wakati wa masika, Machi hadi Mei, kwa kuwa mvua huziozesha shambani na barabara huharibika. Mwenye nafasi ya kuhifadhi anunue mahindi na maharage ya miezi mitatu mwezi wa saba. Asiye na nafasi asijilaumu, ila asinunue gunia mwezi wa pili.

13. Nyanya zimepanda. Nifanyeje?

Zikishuka, nunua ndoo nzima ya zilizoiva kabisa. Zichemshe, toa maganda, saga au ponda, kisha pika na mafuta kidogo na chumvi hadi maji yakauke na mafuta yapande juu. Gawa kwenye vifuko vya mlo mmoja mmoja, ugandishe. Bila friza rojo hilo linakaa siku mbili au tatu tu, na lichemshwe kila siku.

Zikiwa ghali, mchuzi hauhitaji nyanya sita. Nyanya mbili na karoti moja iliyokunwa hutoa uzito na rangi. Mchicha wa karanga na samaki wa ukwaju haviombi nyanya kabisa. Masalo, zile zilizopondeka, ni nafuu kweli ukizipika siku ileile. Yenye ukungu tupa nzima, usikate kipande.

14. Samaki wa Feri ni nafuu kuliko wa mtaani?

Ndiyo, ukienda asubuhi mapema na ukinunua kwa mnada mkiwa watu wawili au watatu, kwa sababu mnada huuza beseni au fungu kubwa, si samaki mmoja. Nje ya mnada unanunua kwa mtu aliyenunua mnadani dakika kumi zilizopita. Ongeza kwenye hesabu kuparua na barafu.

Bei inafuata mwezi. Vibua na dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali, samaki hawakusanyiki kwenye taa na bei inapanda. Upepo wa kusi nao, Juni hadi Agosti, huzuia vyombo vidogo. Subiri giza ndipo ununue wa kukausha na kugandisha.

Macho yawe angavu, mashavu mekundu, nyama irudi ukibonyeza. Samaki aliyelainika tumbo haokolewi na mafuta ya kukaangia.

15. Kitoweo gani kina lishe kwa pesa kidogo?

Dagaa wakavu kwanza. Robo kilo inatosha watu watano. Dagaa wa Mwanza ni nafuu kuliko wa Kigoma, ila huwa na mchanga zaidi: toa vichwa, osha mara tatu kwa maji ya moto, mchanga utabaki chini ya beseni. Wasiwe wabichibichi, unyevu unauzwa kwa uzito.

Halafu maharage, kunde, choroko na mayai ya trei. Kwenye bucha, nusu kilo ya mchanganyiko ikipikwa na ndizi au viazi hulisha watu walewale ambao kilo ya steki haiwatoshi. Utumbo na mifupa ya supu ni nafuu kwa kilo, lakini huchukua saa mbili jikoni, kwa hiyo soma swali la 16 kabla ya kushangilia. Kuku wa kisasa mzima ni nafuu kuliko vipande: mkate vipande nane, shingo, mgongo na miguu viwe supu ya siku ya pili.

## Nishati

16. Maharage yanamaliza gesi. Kuna njia?

Loweka usiku kucha, saa nane au zaidi, mwaga maji hayo, weka mapya. Muda wa kupika unapungua sana. Chumvi na nyanya ziingie yakishaiva, kwa kuwa uchachu wa nyanya huyafanya magumu. Magadi huharakisha, ila huharibu ladha na kuua sehemu ya vitamini B. Maharage ya zamani hayaivi hata ukiyabembeleza, kwa hiyo uliza ya msimu gani.

Pika kilo nzima kwa mara moja, gawa ya milo miwili, yaliyobaki yaende kwenye friji au friza. Presha kuka huivisha yaliyolowekwa kwa nusu saa hivi. Kama huna presha kuka, tumia blanketi: chemsha kwa nguvu dakika 20, funika vizuri, funga sufuria kwa blanketi au kapu lenye nguo, acha saa mbili tatu, kisha malizia kwa moto mdogo. Maharage mekundu lazima yachemke kwa nguvu dakika 10 au zaidi, sumu yake ya asili haiondoki kwa vuguvugu.

17. Gesi inaisha mapema. Nimeibiwa?

Huenda. Uzito wa mtungi mtupu umechongwa kwenye mtungi wenyewe. Mtungi wa kilo 6 ulioandikwa kilo 7 mtupu unatakiwa usome kilo 13 ukijaa. Dai upimwe mbele yako kabla ya kulipa. Ukiwa sahihi, angalia jikoni: moto wa njano unaopaka sufuria masizi ni gesi inayopotea, safisha matundu ya jiko. Pakaa povu la sabuni kwenye mpira na regula. Likitoa mapovu, kuna uvujaji. Zima, peleka nje.

Mkaa wa kopo ni kati ya nishati ghali zaidi kwa mlo. Wanaoutumia hawachagui kwa hesabu, wanakosa pesa ya mtungi, na dawa ni ileile ya kopo moja la akiba (swali la 3).

## Kula nje

18. Kubeba chakula kazini au mama lishe?

Hesabu sahani moja ya wali maharage nyumbani: mchele gramu 150 kwa Sh 3,000 kilo ni Sh 450, maharage gramu 60 kwa bei hiyohiyo ni 180, mafuta kijiko 90, nyanya, kitunguu na nazi 250, nishati 200. Jumla Sh 1,170. Kwa mama lishe ikiwa Sh 2,500, tofauti ni Sh 1,330, na kwa siku 22 za kazi ni Sh 29,260. Hesabu hii inasimama ukipika ya watu kadhaa. Wa peke yake asome swali la 19.

Hotpoti ijazwe maji ya moto dakika tano kabla ya kuweka chakula cha moto. Chakula cha vuguvugu ndani ya hotpoti ndicho kinachochacha saa saba mchana.

19. Naishi peke yangu. Kupika kunalipa?

Si kila kitu. Kupika nusu kikombe cha maharage kwa saa mbili ni kumlipa muuza gesi. Watu wengi wa peke yao hufanya vizuri wakichanganya: wali au ugali upike mwenyewe, maharage au mchuzi ununue kwa mama ntilie jirani kwa kibakuli chako. "Naomba maharage ya elfu moja" ni ombi la kawaida. Mboga za majani, mayai na dagaa pika mwenyewe, vinaiva kwa dakika kumi. Nyanya nunua tatu, usibebe kilo kwa sababu ni nafuu. Ukizitupa mbili, umelipa bei ya genge na zaidi.

20. Tunapotoka na familia, pesa inaendea wapi?

Kwenye vinywaji. Soda na maji ya mgahawa vinaweza kufika mara mbili au tatu ya bei ya dukani, na watoto huagiza mara mbili. Agiza sinia moja la watu wanne badala ya sahani nne, wengi hubakiza. Uliza kabla ya kukaa kama VAT (kodi ya ongezeko la thamani) imo ndani ya bei ya menyu na kama kuna gharama ya huduma. Dai risiti ya EFD ulinganishe na ulichoagiza. Vitu visivyoagizwa huingia kwenye bili ya meza kubwa kuliko ya watu wawili.

21. Kuagiza kwa programu ya simu?

Linganisha jumla ya mwisho na bei ya mgahawa wenyewe, kwa sababu bei ya chakula kwenye programu huweza kuwa juu hata kabla ya usafiri kuongezwa. Kwa mgahawa wa karibu, piga simu, tuma bodaboda unayemfahamu.

## Mazingira ya pekee

22. Kiporo cha wali kinaliwa hadi lini?

Ukikipoza haraka kwenye sahani pana na kukiweka kwenye friji ndani ya saa mbili, kiliwe kesho na kipashwe hadi kitoe mvuke. Kilichokaa sufuriani usiku kucha kwenye joto la Dar kina hatari: bakteria wa wali huacha sumu ambayo haiondoki kwa kupashwa moto. Nyumba isiyo na friji ipike wali wa kutosha tu. Ugali unavumilia zaidi, na kiporo chake cha kukaanga na chai hakina aibu.

23. Umeme umekatika na friza imejaa. Nianze kupika vyote?

Usifungue. Friza iliyojaa na iliyofungwa hushika baridi kama saa 48, iliyojaa nusu kama saa 24. Jaza nafasi tupu kwa chupa za maji ya kugandisha tangu mwanzo. Samaki na nyama vikiwa bado na barafu ndani vinaweza kugandishwa tena. Vilivyolainika pika siku hiyo.

24. Daftari la mangi linanisaidia au linanimaliza?

Uliza bei ya taslimu na ya mkopo ya kitu kimoja. Zikiwa sawa, ni msaada, mradi wewe pia uandike kwako. Mistari miwili ya ziada kwa wiki hakuna anayeikumbuka. Zikitofautiana kwa Sh 200 kwenye kilo ya sukari ya Sh 3,000, unalipa karibu asilimia saba kwa siku chache za kusubiri. Lipa deni lote siku ya mshahara kabla ya kwenda sokoni, halafu ukae wiki moja bila kuandika.

Kwa malipo ya simu, lipa namba huokoa ada ya kutoa pesa kwa wakala. Muuzaji akitaka kuongeza kitu juu, linganisha na hiyo ada.

25. Ramadhani inakaribia. Ninunue nini mapema?

Tende, sukari, ngano, tambi, mafuta na viungo vya uji havioziki, na huanza kupanda siku chache kabla ya mwezi kuandama. Nunua wiki tatu kabla. Mihogo, magimbi, viazi vitamu na nazi hazingoji, hizo ni za kununua kila siku mbili tatu. Anayefuturisha wageni apange futari kwa wanga mmoja wa nazi na mmoja wa kuchemsha, asipike aina sita: kinachobaki cha nazi hakifiki daku. Nazi moja ikikunwa vizuri kwenye mbuzi hutoa tui la kwanza la kumalizia, la pili la kuivishia, na la tatu la kuchemshia magimbi yenyewe.